Rimu Sebuleni, Tairi Juani

Ndugu yetu wa Subaru, tumekusikia ukipandisha Kitonga. Hata malori ya Tunduma yamekusikia. Injini umeimwagia mamilioni, kisha chini ukaivalisha mtumba wa Japani kutoka Mwanjelwa, tairi za theluji, eti kashata bado nene. Mpira laini wa barafu ya Hokkaido, na lami ya mchana wa Ruaha Mbuyuni! Ubavuni pameandikwa 1412: wiki ya 14, mwaka 2012. Ingekuwa mtoto, ingeshamaliza la saba.

Zile mpya za mashindano umezihifadhi juu ya bati, juani, jirani na dumu la dizeli. Tairi inataka giza, kivuli na ubaridi, na ubaridi Iringa unagawiwa bure. Rimu ndizo zinalala sebuleni, zimefunikwa kitambaa.