Jinsi ya Kuishi na Chupa ya Etha, Bukavu hadi Luvungi

Kwanza, usiiamini. Kwenye rafu ya laboratwari imetulia kama maji, tena inanukia utamu. Mwanafunzi mpya huipenda siku hiyohiyo. Wewe ipende kwa mbali.

Vitabu vinasema etha huchemka kwenye nyuzi 34.6. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Bukavu iko juu, kama mita 1,500, kwa hiyo hapa huchemka mapema, karibu nyuzi 30. Sasa itie ndani ya mkoba, teremka nayo Ngomo, pita Kamanyola, fika Luvungi kukusanya mimea ya utafiti wako, jua la bonde la Ruzizi liko utosini na gari limejaa watu na madumu. Kizibo kitachoka kabla ya dereva. Etha na ibaki Bukavu. Mimea ndiyo ipande gari, ikaushwe, ije ikutane nayo mezani. Abiria mwenzako amelipa nauli ya kufika, hakulipia mvuke wa kumlaza usingizi.

Ukisharudi, usikimbilie kuiweka etha kwenye frigo. Frigo ya nyumbani ina swichi ya kupima baridi, na swichi hiyo hutoa cheche. Umeme wa SNEL ukikatika, etha hupata joto na mvuke wake hujaa mle ndani; umeme ukirudi, cheche ya kwanza inaukuta unasubiri. Frigo ya soda iachiwe soda. Etha ikae kabatini, penye ubaridi na hewa, pasipo jua.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili na nusu. Haupandi darini, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, na ukikuta mbabula ya makaa ya mlinzi huko nje unarudi na moto mpaka kwenye chupa yako. Kwa hiyo kabla ya kufungua kizibo, toka ukamsalimie mlinzi, muulize leo anapika nini, kisha msaidie kuhamisha mbabula. Ni adabu, na ni kemia.

Tarehe ya kufungua chupa iandike palepale, kwa wino usiofutika. Etha ikizoeana na hewa hutengeneza peroksidi, nazo huweza kulipuka kwa kuguswa tu. Ukikuta chupa ya zamani, isiyo na tarehe, yenye chembe nyeupe kuzunguka kizibo, usiifungue, usiitikise, usiisogeze hata kidogo. Toa watu wote, funga mlango, weka mtu wa kuzuia wapitao, mwite mkuu wa laboratwari. Hata kama mtihani ni kesho asubuhi.