Jirani Zangu wa Golini

Ukipata kibarua cha kufundisha kwenye kampasi ya chuo kikuu mjini Kwale, kila unayemjua hugeuka dalali. Mwenye shangazi Tiwi atakusifia Tiwi. Mwenye ploti Ukunda atakuuliza, kwani wewe bahari huitaki? Kwale yenyewe haina msemaji. Utaambiwa tu ni mlimani, na nguo hazikauki mwezi wa tano.

Diani nilikwenda kuangalia, nisije nikalaumiwa. Kwenye ramani ni pua na mdomo, lakini ramani haipandi matatu. Tuktuk hadi Ukunda, gari la Likoni hadi Kombani, ushuke, ungoje jingine lijae ndipo likwee Kwale, na litajaa lini anajua Mungu na makanga. Tena chumba chenyewe kilikuwa na mpangaji. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniandalia chai na mahamri barazani. Tulipogeuka kutazama mfereji, kima akateremka mwembeni, akachukua hamri, akalipasua, akachungulia ndani kama mkaguzi wa afya, akaliweka, akachukua jingine.

"Huyo hana neno, mwanangu," mama akasema. "Mradi usisahau dirisha."

Nikauliza kama kodi tutachangia. Hakucheka.

Nikaangukia Golini, pua kwa pua na Shimba Hills. Vyumba viwili, bati jipya, kodi ya kutia shaka. Mzee mwenye nyumba aliniapia kwamba hapo pana utulivu. Nyuma ya nyumba migomba yote ilikuwa imelala chini, nikampa pole kwa upepo.

"Upepo gani, mwalimu? Ni ndovu."

Alilisema hilo vile mtu anavyokutajia duka la jirani. Mwaka 2005 serikali iliwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, kwa malori, madaktari na sindano za usingizi. Mimi nilihamia kwa tuktuk, godoro limefungwa juu kwa kamba ya katani, na daktari sikumwona. Ndovu waliobaki wanajua mahindi ya nani yamekomaa kuliko afisa yeyote wa kilimo.

Choo kiko nje. Mzee alinipa masharti: kabla ya kufungua mlango, sikiliza, ukisikia matawi yakivunjika, jikaze. Usiku mmoja nikayasikia. Nikajikaza hadi adhana ya alfajiri, nikiahidi sadaka ambazo mshahara wangu hauzijui. Kulipopambazuka nikachungulia: ng'ombe wa jirani, amekata kamba, anamalizia mpapai.

Hata hivyo, asubuhi hiyo nilifika darasani nimechelewa, macho mekundu, nikawaambia wanafunzi kwamba nilizuiliwa na ndovu. Sikuona haja ya kuingia katika habari za ng'ombe.

Wiki iliyofuata kijana mmoja aliniletea barua: hakumaliza kazi yake kwa sababu ya ndovu. Anatoka upande wa Mwaluganje, ambako jamii imetenga ardhi yake iwe hifadhi ya ndovu, na kinyesi chao hutengenezwa karatasi. Angeiandika barua kwenye karatasi hiyo ningempa alama za ziada. Nikamsamehe, ningemwambia nini?

Ijumaa zikaja barua nyingine. Ndovu walikuwa wameziba njia Kombani, Waa na Ng'ombeni. Mmoja alionekana, kwa mujibu wa msichana mwenye mwandiko mzuri sana, kwenye foleni ya feri ya Likoni.