Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: SEMINA YA KUWAJENGEA UELEWA WAKUNGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesikia wakunga wetu wanaitwa tena ukumbini siku tatu, chai na posho juu, waelimishwe kwamba mjamzito hapigwi makofi. Hongera. Ila nikupunguzie gharama: wanajua.

Mpwa wangu alijifungua katika kituo kimoja cha wilaya hii, akayaona yote. Kitanda cha jirani alilala binti wa kijijini aliyekuja na mfuko wake kamili: glavu, wembe, pamba, mpira wa kutandika. Alipolia, akaulizwa kama siku ya kuitafuta mimba alilia hivyo hivyo, kisha akala kofi la paja "asije akaua mtoto". Haukupita muda, akaingizwa mke wa mkubwa mmoja. Nesi yule yule, mkono ule ule: "Pole mama, vuta pumzi taratibu. Nikusugue mgongo?" Na pazia, ambalo binti aliambiwa limekwenda kufuliwa, likapatikana.

Uelewa gani tena unautafuta, Mganga Mkuu?

Utasema wamechoka. Ni kweli. Mkunga mmoja kuhudumia leba nzima usiku kucha ni dhuluma, na deni hilo ni lako, si la binti. Lakini uchovu huo una macho makali ajabu: mke wa mkubwa unamtambua tangu mlangoni, unamruka.

Korogwe na Muheza, kule Tanga, watafiti waliwahi kuwauliza akina mama waliokuwa wanatoka kujifungua kama walitendewa vibaya. Kama asilimia 19 wakasema ndiyo. Walioulizwa wakiwa wamesharudi makwao, wiki kadhaa baadaye, ikafika asilimia 28. Bila shaka ni hewa ya nyumbani inayowachochea. Mlangoni mwa wodi, nesi akiwa anakutazama, nani asiyesema kweli?

Wenzetu wa Kenya nao wamewahi kuendesha semina ya aina yake. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini, akatukanwa na kupigwa, alipwe shilingi milioni 2.5 za huko. Semina hiyo ina tofauti moja tu na yako: posho anapokea mzazi.

Kwa hiyo naomba fedha za ukumbi ziajiri wakunga wa zamu ya usiku. Chenji ikibaki, chongesha muhuri mmoja, ugongwe kwenye kadi ya kliniki ya kila mjamzito, jirani na kundi la damu: SHEMEJI YAKE MGANGA MKUU. Usiwe na wasiwasi, sisi waume zao na kaka zao tumeshakubaliana kwamba undugu huo hatutaudai siku ya posho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mjomba wa mzazi