Mizani ya Fisi

Ng'ambo ya milima saba palikuwa na nchi ya bondeni ambayo wanyama wake waliishi kwa kilimo cha vitunguu. Mto uliwapitia katikati, na kwa vizazi vingi waliutekea maji kwa madumu, kila mmoja akilima kipande ambacho mgongo wake ungeweza kukinywesha, hadi Kobe alipouza mavuno ya misimu miwili akanunua mashine ya maji. Siku alipoivuta kamba, mashine ikakohoa, ikanguruma, na maji yakapanda kutoka mtoni yakakimbia mferejini mpaka mwisho wa shamba, huku wajukuu wake wakijitosa matopeni kwa furaha. Punda akamwiga, Swala akamwiga, na haikupita miaka mitano kabla ukingo wote wa mto haujawa unanguruma kila alfajiri, na wanunuzi wa mbali wakilala sokoni kungojea magunia.

Usiku mmoja wa mwezi mchanga mashine ya Kobe ikaota mbawa. Asubuhi alikuta mpira wa kunyonyea maji umekatwa kwa kisu, boliti mbili zimedondoka nyasini, na alama za kitu kizito kilichoburutwa kuelekea njia kuu. Vitunguu vilikuwa ndiyo kwanza vinatunga, na jua la bonde lile halina huruma kwa kitunguu kinachotunga. Kobe akarudia dumu lake la zamani, lakini mgongo ulikuwa umekwisha kuzeeka, akaokoa matuta manne kati ya arobaini. Wiki hiyohiyo ikaibwa plau ya Punda pamoja na minyororo yake, kisha mashine ya Swala, kisha ya Nguchiro, na kila mara usiku ambao mwenye shamba alikuwa msibani au ngomani, maana mwizi wa shambani hukaribishwa na mdomo wa jirani kabla ya kukaribishwa na giza.

Siku hizo Fisi, ambaye ukoo wake ulijulikana kwa kuokota mifupa, alikuwa amefungua uwanja sokoni chini ya mbuyu, akatundika mizani, akapiga mbiu kwamba ananunua mifupa ya chuma, iwe mizima au iliyovunjika, wala haulizi ilikufaje. Hapa nataka tutulie kidogo. Mashine iliyomla Kobe misimu miwili ilipofika pale ilipondwa kwa nyundo, shaba ikatengwa upande huu, alumini upande ule, chuma upande mwingine, vyote vikapimwa kwa ratili, na Ngedere aliyeibeba mgongoni usiku kucha akaondoka na kifurushi cha unga na kibuyu cha pombe. Kilichoibwa kilikuwa shamba zima, na ada ya shule ya wajukuu, na mbegu ya mwaka ujao. Kilichouzwa kilikuwa furushi la vipande ambavyo, vikishapondwa, hakuna awezaye kuapa kwamba ni vyake.

Kilio kilipofika kasri, Mfalme Kiboko aliita baraza. Wakaamua kwanza lijengwe lango la kuwazuia wezi, nalo likajengwa mbele ya kasri, mahali pasipo na shamba hata moja. Kisha ikawambwa ngoma kubwa ya kutangaza wizi, ikawa inapigwa kila asubuhi baada ya wizi kutokea. Hatimaye ikatoka amri kwamba asionekane mtu njiani kuanzia magharibi hadi mapambazuko. Wakulima waliokuwa wakiwahi kunyweshea kabla ya jua wakakamatwa na kutozwa faini, ilhali Ngedere, aliyepita vichakani, hakukutana na askari hata siku moja.

Siku ya sokoni alikamatwa Panya mdogo, yatima, akiwa na nati moja. Wanyama walikuwa wamejawa na uchungu, nao uchungu wao ulikuwa wa haki, lakini walimpiga mawe mpaka akakata roho kabla hajaulizwa nati ile alikuwa anampelekea nani. Mfalme akatangaza kwamba mwizi amepatikana. Usiku ule ziliibwa mashine mbili. Nasema bila kuficha kwamba mauaji yale yalikuwa dhambi, na Fisi ndiye aliyenufaika nayo peke yake, kwa kuwa ulimi ambao ungemtaja ulizikwa.

Ndipo Kobe aliposimama barazani akasema, "Mtukufu, na ninyi wazee wenzangu, tumeuliza mno nani anabeba, hatujauliza nani anapokea." Akaomba mambo matatu: kila chombo kichorwe alama ya mwenyewe mahali pa siri, na alama zote ziandikwe katika daftari moja la kijiji, sungusungu wapewe zamu ya kulinda mashamba usiku, na Fisi aandike jina la kila anayemuuzia, kisha auweke mzigo siku saba bila kuuponda. Mfalme akakubali la kwanza na la pili. La tatu akasema litatazamwa, na jioni ile, kama jioni nyingine zote, paja lililonona lilitoka uwanjani kwa Fisi likaingia jikoni kwa mfalme.

Sungusungu ni wale wadudu weusi wadogo ambao mmoja wao unaweza kumpuuza, lakini elfu wao huwezi kuwahimili. Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakulipa jeshi lao la jadi jina hilo bure. Katika bonde lile walilinda kwa zamu, kila ukoo usiku wake, wengine mtoni, wengine njia panda, na yowe likipigwa mwisho wa mto lilipokewa nyumba kwa nyumba mpaka chanzoni. Msimu mzima haikuibwa hata boliti. Lakini sungusungu hufuata nyayo, na nyayo za zamani ziliwafikisha chini ya mbuyu, kisha zikaendelea mpaka mlango wa nyuma wa kasri. Kesho yake walivunjwa kwa kosa la kutembea usiku bila kibali.

Miezi miwili baadaye, katika lundo la Fisi, Kobe alikiona kipande cha mashine ya pili aliyokuwa amenunua, nayo ikaibwa baada ya sungusungu kuvunjwa, na chini yake mistari mitatu aliyoichora kwa mkono wake. Akakibeba mpaka barazani, akalifungua daftari, akaonyesha. Baraza likanyamaza. Mfalme akaagiza kipande kile kipimwe, kikapimwa, kikaonekana ni ratili nne. Akauliza nani aliyezilipia ratili hizo, akajibiwa ni Fisi, naye akahukumu kwamba mali ni ya aliyelipa, na Kobe atozwe faini kwa kuitoa uwanjani.

Msimu huu mto ule unapita kimya, na wanyama wa bondeni wananunua vitunguu kwa wageni. Mizani ingali imetundikwa chini ya mbuyu. Daftari liko kwa Kobe, limefungwa kwa kitambaa, na kila alama iliyomo ina mwenyewe.