Kiraka cha Ukoo Mmoja

Pipa la bluu la bibi lilipasuka usiku ule maji ya bomba yaliporudi baada ya mgao mrefu. Hapa Mazimbu, nyuma ya Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, maji yakirudi hakuna anayelala: ndoo, madumu, masufuria, vyote hujazwa. Pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni lilipoachia ufa ubavuni. Maji yakapita chini ya mlango wa stoo, kiroba cha unga kikalowa.

Kulipokucha, mama alipaka supagluu. Ilikauka vizuri, kisha ikabanduka yote kwa kucha. Pipa ni polithini, yaani minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tupu, na uso wake hauna cha kuvutana na gundi.

Akaitwa mjomba. Katika nyumba ya Kiluguru neno la mjomba lina uzito, naye alifika na kisu, jiko la mkaa na mguu wa kiti cha plastiki kilichovunjika. Aliyeyusha, akapaka, akalainisha. Bibi akashukuru, pipa likajazwa. Usiku kiraka kikang'oka kizimakizima, na safari hii maji yalifika kwenye godoro la shangazi aliyeshuka kutoka Matombo kuja kliniki. Mama na mjomba hawakusemeshana hadi jioni.

Fundi wa kuziba ndoo ndiye aliyeleta suluhu. Alilipindua pipa, akatuonyesha kitakoni pembetatu yenye namba 2. Mguu wa kiti ulikuwa na namba 5, polipropilini. Plastiki hushikana pale minyororo ya pande mbili, ikiwa imeyeyuka, inapovuka mpaka na kusokotana. Polithini na polipropilini zote huyeyuka, lakini hazichanganyiki; kila moja hubaki kwao. Kiraka kinataka ukoo mmoja. Fundi akakata ukanda kwenye dumu bovu lenye namba 2.

Kabla ya kuchomelea, alikwangua unga mweupe uliozunguka ufa.

“Mama, hapa pamekufa,” alisema. “Nikichomelea juu yake, kiraka nacho kitakufa.”

Alisema kweli, na unga ule ndio chanzo cha mkasa wote. Ndani ya polithini, sehemu ya minyororo hujipanga ikawa fuwele, na sehemu hubaki ovyo, ikipita kutoka fuwele moja hadi nyingine. Fuwele hulipa pipa ugumu. Ile minyororo isiyo na mpangilio hulipa uwezo wa kubonyea bila kuvunjika. Kioo nacho hakina mpangilio ndani yake, ila atomi zake zimefungana kwa nguvu na haziwezi kuteleza, ndiyo maana bilauri ya baridi ikimiminiwa chai ya moto hupasuka. Pipa letu lilikaa miaka juani. Mionzi ya urujuanimno, ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, iliikata minyororo ile ya kati, plastiki ikakauka na kuwa rahisi kuvunjika, ule uwezo wa kubonyea haupo tena.

Polithini iligunduliwa bila kukusudiwa na Eric Fawcett na Reginald Gibson huko Uingereza mwaka 1933. Mwaka 1953 Karl Ziegler, Mjerumani, akapata njia ya kutengeneza ile ngumu ya madumu na mapipa. Tangu zamani watengenezaji wanajua udhaifu wake mbele ya jua, na matangi mengi ya maji ni meusi kwa sababu hiyo: masizi yaliyochanganywa humo hunyonya mionzi kabla haijafika kwenye minyororo.

Kiraka cha fundi kimeshika, na mjomba amekula ugali kwetu tena. Lakini ubavu wote uliotazama jua umeanza kutoa unga uleule, na hakuna kisu cha moto kitakachorudisha minyororo iliyokwisha katika. Bibi ameamuru pipa lihamie chini ya mwembe. Matengenezo ya plastiki huanza na kivuli. Fundi huja baadaye.