Kolwezi kwa Miguu na Mikono: Matembezi Kumi, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Wageni wengi huiona Kolwezi kupitia kioo cha gari: uwanja wa ndege, geti la mgodi, hoteli, kisha uwanja wa ndege tena. Wakifika kwao huandika ripoti ya kurasa mia mbili kuhusu mji ambao hawajaukanyaga. Orodha hii ni ya wenye viatu.

Mji ulianzishwa mwaka 1937 uwe makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Kati ya tarehe hizo mbili umechimbwa kila upande, na kazi inaendelea, kwa hiyo ramani ya mwaka juzi isome kama riwaya. Ramani ya kuaminika hapa ni mtu: mstaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, mama wa sokoni, mchoraji wa mabango. Mfuate, mlipe, na ukipewa kitu cha kushika, kishike. Utajiri wa Lualaba hupita mikononi mwa wengi, lakini ni wachache wanaoruhusiwa kuutengeneza uwe kitu.

Tuhesabu.

10. Matembezi ya vumbi

Hayahitaji tiketi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika, malori hayakatiki, na vumbi jekundu hukaa juu ya majani ya miembe, kwenye kola ya shati na ndani ya chai. Ukifika na viatu vyeupe, mji utavipaka rangi bila malipo. Ihesabu kuwa warsha yako ya kwanza. Chukua na sweta. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni haujali kwamba uliambiwa Afrika kuna joto.

Adabu mbili kabla ya hatua ya kwanza. Wasalimie watu kwa "jambo yenu" kabla ya kuuliza njia. Na usipige picha ya mgodi bila ruhusa, la sivyo utapata mwenyeji wa pili, mwenye sare.

*Usimwulize mwenyeji:* "Vumbi hili huisha saa ngapi?" Huisha Novemba, linapogeuka tope.

9. Kutafuta mji wa kwenye sinema

Mei 1978 waasi wa FNLC waliotoka Angola waliuteka mji, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakarushwa juu yake. Mamia ya watu walikufa, Waafrika na Wazungu. Mwaka 1980 Raoul Coutard akaitolea filamu, *La Légion saute sur Kolwezi*, na hadi leo kuna wageni wanaofika wakitafuta mitaa waliyoiona humo. Watafute vizuri, ila ng'ambo ya Atlantiki: filamu ilipigwa Guyana ya Ufaransa.

Tembea badala yake na mtu mzima aliyekuwa mtoto mwaka ule. Atakuonyesha nyumba waliyojificha na dirisha ambalo mama yake aliwakataza kulisogelea. Hana bajeti ya helikopta, lakini mahali ni penyewe.

*Usimwulize mwenyeji:* "Wewe uliigizwa na nani?"

8. Stesheni, barabara kuu na kiwanda cha malori madogo

Reli ya Benguela iliiunganisha Katanga na bandari ya Lobito mwaka 1931, vita vya Angola vikaikata kwa miongo, na leo mataifa makubwa yanaizungumzia kwa mahaba utadhani yameivumbua yenyewe. Wakati yakiizungumzia, shaba nyingi husafiri kwa lori. Simama kando ya barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi uyaone malori yanavyofuatana.

Kisha ingia mtaani ukayatengeneze. Watoto wa hapa hukunja waya, hukata makopo na vizibo vya chupa, na kutoa lori lenye usukani mrefu wa kuliendesha ukiwa umesimama. Mwalimu wako ana miaka tisa na hana subira na watu wazima. Ukifaulu, utakuwa na lori pekee la Kolwezi linalopita bila kulipa ushuru.

*Usimwulize mwenyeji:* "Breki ziko wapi?" Umeshayaona malori makubwa, hata huko swali hilo halipendwi.

7. Jikoni kwa Mama

Warsha zote za sanaa zina mwalimu mkali, na huyu ndiye mkali kupita wote. Utasonga bukari ya mahindi hadi mkono ukose nguvu, utwange sombe, ukaange kapenta, na kila ukipumzika utasikia: "Papa, umechoka na hata chungu hakijachoka?"

Kaa hadi somo la munkoyo. Uji wa mahindi hupikwa na kupozwa, kisha hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo huugeuza wanga kuwa sukari, na ule uji mzito hulegea kuwa kinywaji chepesi mbele ya macho yako. Wahandisi wa viwanda vya Luilu hutenganisha madini kwa asidi na mitambo. Mama anafanya kemia yake kwa sufuria na kifuniko.

*Usimwulize mwenyeji:* "Vipimo vyake ni vipi?" Vipimo ni kiganja chake, na hakiazimwi.

6. Gitaa la vidole viwili

Bunkeya iko ndani ya Lualaba, na ilikuwa makao ya Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetoka Usumbwa, Tanzania ya leo, na akauawa kwa risasi na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji tarehe 20 Desemba 1891. Bunkeya pia ndiko alikotoka Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukawatesa wapiga gitaa wa bara zima: unasikia magitaa mawili, unatazama, ni mtu mmoja, kidole gumba na cha shahada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa Nairobi kutangaza dawa ya maumivu ya kichwa, ya Aspro. Ukijaribu kupiga kama yeye utajua kwa nini walimchagua.

Mtafute mzee mwenye gitaa, mletee nyuzi mpya, uombe somo. Gumba lishike besi, shahada icheze juu, na wewe uendelee kupumua.

*Usimwulize mwenyeji:* "Vidole vingine vitatu ni vya nini?"

5. Kilima chenye ua linalojua siri

Ukiona kilima cha Katanga kimenyonyoka kipara katikati ya miombo, usiwalaumu wakata mkaa haraka. Shaba ikizidi udongoni huwa sumu kwa miti mingi, na pale hubaki mimea iliyozoea. Maarufu kati yake ni *Haumaniastrum katangense*, ndugu wa mrihani mwenye maua ya zambarau: liliwaonyesha watafuta madini pa kuchimba, na baadaye likawaonyesha wanaakiolojia mahali pa tanuri za kale, kwa sababu huota hata kwenye mabaki ya shaba iliyoyeyushwa zamani. Kobalti nayo ina ua lake la njano, *Crotalaria cobalticola*.

Nenda na mtu anayejua mimea, beba penseli na daftari. Chora, usichume. Baadhi ya mimea hii haioti popote pengine duniani, na vilima vyake ndivyo hivyo vinavyosagwa.

*Usimwulize mwenyeji:* "Likiota kwangu, nifanye nini?" Lifunike na usimwambie jirani.

4. Kambi za wafanyakazi na mzee wa Gécamines

Union Minière ilijenga mji kwa rula: mzungu huku, mfanyakazi kule, nafasi katikati. Ilitoa nyumba, unga, shule na hospitali, na ikadai utiifu kama mzazi. Huko Ruwe, karibu na Kolwezi, ndiko padri Placide Tempels, yule wa *La Philosophie bantoue*, alikoanzisha mwaka 1953 vuguvugu la Jamaa pamoja na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Mwaka 1967 serikali ikaichukua kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilizalisha shaba zaidi ya tani 470,000. Kufikia 1993 hata tani 50,000 zilikuwa ndoto. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri.

Mzee aliyebaki na kofia yake ya kazi ndiye mwongozaji bora mjini. Atakutembeza Cité Gécamines akitaja nani aliishi nyumba gani, hata pale ambapo nyumba imekwisha kuondoka. Mgodi wa COMMUS, uliofunguliwa upya mwaka 2015, unapanuka humo humo mtaani palipoishi takriban watu 39,000. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH ya mwaka 2023 ilieleza jinsi familia zilivyohamishwa.

*Usimwulize mwenyeji:* "Nyumbani ni wapi?" Atakuonyesha kwa kidole, na kidole kitakuwa kinaelekea hewani, juu ya shimo.

3. Kasulo, kwa hatua za adabu

Mwaka 2014 mkazi wa mtaa huu alichimba kwenye kiwanja chake akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi la kobalti. Habari haikukaa. Majirani walichimba uani, sebuleni, hata chini ya vitanda, na mtaa ukawa na watu wengi chini kuliko juu. Mwaka 2017 sehemu yake ilizungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa, na kampuni ya Congo Dongfang ikapewa nafasi ya kununua kila kinachotoka.

Utani una mipaka, na mpaka wake ni mdomo wa shimo. Vijana hufa mle, kwa hiyo usiombe kushushwa ili ukasimulie. Keti na wachimbaji wadogo wanapopumzika juu, nunua soda, sikiliza. Na kabla hujaja, tazama picha za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, hasa mfululizo wake uitwao *Kolwezi*: amezipanga picha za machimbo sambamba na mabango ya Kichina yenye maporomoko ya maji na majumba ya kifahari, yale yanayotundikwa kwenye vibanda vya wachimbaji. Ni somo la kutazama: aliye ndani ya vumbi naye ni mtalii, ana safari yake ukutani.

*Usimwulize mwenyeji:* "Simu yangu ina kobalti kutoka hapa?" Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Fanya hesabu mwenyewe, kisha zima kamera.

2. Historia juu ya gunia la unga

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, hakungoja wanahistoria. Alichukua turubai la magunia ya unga, na kati ya 1973 na 1974 akamchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire nzima, picha zaidi ya mia moja, akizieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Lumumba yumo, Msiri yumo, Mbelgiji mwenye kiboko yumo. Picha ziko Wereldmuseum, Amsterdam, lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023; mchoraji mwenyewe hajulikani alikokwenda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Warsha yake inaendelea bila jina kwa kila mchoraji wa mabango anayepaka nywele za saluni asubuhi na Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki, jioni. Omba gunia, brashi na kona ya kivuli. Atakupa sharti moja: uchore jambo uliloliona leo. Hapo utagundua kwamba hujaona mengi, utoke tena ukatembee. Matembezi na warsha ni somo moja, na mwalimu hatakwambia. Atakurudisha tu mlangoni.

*Usimwulize mwenyeji:* "Je, huyu ni Lumumba au Tshombe?" Hasa kama umechora wewe.

1. Nyundo, shaba na simba wako

Kabla ya Union Minière, Katanga ilikuwa na mafundi wa kuyeyusha. Malakiti iliokotwa na kuchimbwa wakati wa kiangazi, ikatiwa na mkaa kwenye tanuri za udongo wa kichuguu, na shaba ikamiminwa kuwa misalaba iliyotumika kama fedha kwa karne nyingi. Mwaka 1926 padri Jean-Félix de Hemptinne aliandika kuhusu mafundi hao, "walaji wa shaba". Misalaba mitatu ikaja kukaa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga, 1960 hadi 1963.

Leo shaba huondoka Lualaba ikiwa mabamba, kobalti ikiwa unga, na waya na betri hutengenezewa kwingine. Isipokuwa kwa fundi wa shaba ya kufua. Bati jembamba huchomwa motoni lilainike, hupozwa, huchorwa kwa nyuma. Halafu unalilaza juu ya kitu laini na kuligonga kwa nyundo na patasi butu, taratibu, mpaka umbo lijitokeze upande wa pili. Ukigonga kwa hasira linatoboka; ukigonga kwa woga halisemi kitu. Likikaza, linarudi motoni. Mwisho hung'arishwa, na fundi hulitazama kimya kwa muda unaotosha kukutoa jasho.

"Mukubwa," atasema, "huyu ni mbuzi?"

Ni simba, na umekaa naye siku nzima. Mlipe fundi bila kuomba apunguze, mfunge mnyama wako kwenye gazeti, uende naye. Mpakani afisa wa forodha atauliza kama umebeba shaba. Mwonyeshe. Tani zote zinazopita pale zina fomu zake. Ya mbuzi mwenye manyoya shingoni bado hawajaichapisha.