Punda mmoja, madaktari mtaa mzima

Bagamoyo hii ukitaka kujua mtaa una madaktari wangapi, acha punda wako augue.

Wangu wa mkokoteni kagoma kula pumba. Kasimama chini ya mwarobaini, masikio yamelala. Hata sijamshika, kijana wa bodaboda kashaegesha: "Huyo kapigwa jicho, kaka." Mama wa vitumbua naye: "Mkorogee magadi, mnyweshe kwa chupa." Mzee mmoja wa barazani, mstaafu, hakuinua hata macho kwenye bao: "Mkimbize mpaka Kaole na kurudi. Uvivu tu huo."

Jamani! Farasi akiumwa tumbo hana siri: ataparapara chini, atageuka kuangalia ubavu, atajibwaga agaragare. Punda anaumwa vilevile, ila anasimama tu, kama mstaafu anayesubiri pensheni. Ukingoja alie, umechelewa. Tena akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini yanajaa kwenye damu na kuvamia ini, na hapo wengi hawaponi. Hayo magadi ya chupa yakikosea njia yanaingia mapafuni. Yakifika tumboni ndiyo yamefika, maana si punda si farasi anayeweza kutapika.

Na mnyama akikufia, mzoga nao una gharama yake. Mwandishi wa habari Stanley alipotoka hapa Machi 1871 kumsaka mmisionari Livingstone, farasi wake wawili walimfia kijiji cha Kingaru, safari haijakolea. Mmoja akampasua, akakuta minyoo tumboni. Alipomfukia, mkuu wa kijiji akamdai faini: kazika mnyama kwenye ardhi ya watu bila ruhusa! Stanley akasema basi, atamfukua amwache juu hapohapo. Faini ikafutwa upesi.

Mimi nikamwita afisa mifugo. Hakuuliza jicho la nani. Alipima joto kwa nyuma, akakuta hana homa. Akafunua mdomo, ufizi wa waridi. Kisha akachukua kijiti, akachokonoa kinyesi: nyasi ndefu ndefu, hazijasagwa. "Meno hayo," akasema. Kumbe magego ya punda yanazidi kuchomoza miaka nenda rudi, na yasiposagika sawasawa yanachongoka na kukata shavu. Akampiga sindano ya kumlegeza, akatoa tupa ndefu, krr, krr, mtaa mzima umekunja uso. Akaniachia na onyo: kwato zichongwe kila baada ya wiki kadhaa, dawa ya minyoo isisahauliwe, na anayekataa chakula aitiwe mtaalamu siku hiyohiyo.

Kesho yake punda anatafuna, na kijana wa bodaboda anadai soda, eti jicho limetoka.

Mara mzee wa barazani huyoo, shavu limevimba, kanga ya mkewe imefungwa kichwani. Nikamwambia nimkorogee magadi, au tukimbie wote mpaka Kaole. Akanitazama kwa uchungu.

"Mwanangu, acha utani. Yule bwana wa tupa, binadamu anawaona?"